Nzohe wa Mwalimu Felisiani

Mwalimu Felisiani alipostaafu uafisa elimu, kilichomuuma zaidi hakikuwa ofisi wala gari la serikali. Kilichomuuma ni salamu. Zamani alikuwa akikanyaga tu barabara ya Mukendo pale Musoma mjini, watu wanasimama: "Shikamoo Afisa, shikamoo mkuu," hata wale waliomzidi umri. Sasa anapita na mfuko wake wa nyanya, anaambiwa, "Mambo vipi, mzee?" Mambo vipi! Mtu ambaye kikohozi chake tu kiliwatoa jasho walimu wakuu wa wilaya nzima, leo anaulizwa mambo vipi na kijana wa kuuza vocha. Alirudi nyumbani na uchungu, nyanya zenyewe akazitupa mezani bila kumwangalia mtu.

Ndipo akanunua kamera.

Alikuwa ameona kwenye televisheni wazungu wastaafu wanazunguka misitu ya mvua huko Kongo na Amazoni, wamevaa vizibao vya mifuko mbele na nyuma, wanalala kifudifudi kwenye matope wamvizie chura. Chura, jamani! Na ulimwengu unawapigia makofi. Felisiani akajiambia, kama chura anampa mtu jina, mimi kwetu kuna nzohe. Kwao ni Buswahili, wilaya ya Butiama, ambako mto Mara unatanuka ukawa kinamasi cha mafunjo yasiyoisha. Humo ndani husemekana yumo nzohe, yule swala wa majini mwenye haya kuliko mwali, ambaye kila mtu ana mjomba aliyewahi kumwona.

"Nitampiga picha mimi," Felisiani akatangaza Jumapili moja nje ya kanisa, mbele ya padri na jumuiya nzima. "Na nitawaonyesha ukumbini siku ya somo wa parokia."

Padri akafurahi, akaahidi ukumbi na projekta. Tangazo likasomwa kanisani, likarudiwa. Hapo sasa maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Akirudi bila nzohe, hata ile mambo vipi angeikosa, na hilo alilijua vizuri.

Mkewe Jenoveva alikuwa uani anachambua dagaa aliposikia habari ya safari.

"Baba Prosper, nzohe tumemsikiaga tangu utoto, hatujamuonaga. Wewe ambaye miwani unaitafuta wakati umeivaa, ndiyo utamuona?"

"Mama Prosper, hii ni lenzi. Lenzi inaona, mimi nabonyeza."

"Basi twende wote. Nikawasalimie kina Mugeta. Na yule Keraryo nikampe pole ya mama yake, inanikaa moyoni."

"Jina hilo usinitajie," alisema Felisiani, akaingia ndani kujaribu kizibao chake mbele ya kioo.

Na alikuwa na sababu ya kutotaka kulisikia. Kiangazi cha mwaka uliopita, ng'ombe wake mmoja aliyekuwa akitunzwa kwa mdogo wake Mugeta kule Buswahili alipotea. Jike zuri, jekundu, na ana mimba. Jenoveva ndiye aliyempa jina la Bibiharusi, kwa ajili ya baka jeupe lililomshukia usoni kama shela. Alishawahi kwenda kukaa kwa Mugeta msimu mzima, akawa anamkamua mwenyewe asubuhi na jioni. Basi, Bibiharusi hayupo. Na jioni kabla ya kupotea, jirani yao Keraryo alikuwa ameonekana anapita njiani na kamba begani.

Kamba. Ushahidi wote ndio huo.

Felisiani alitoka Musoma na suti na tai, akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akauliza kwa ile sauti yake ya ukaguzi: "Mtu ana kamba na hana ng'ombe, anakwenda wapi?" Swali lilimpendeza mwenyewe, akalirudia. Keraryo akasema alikuwa anakwenda kufunga kuni. Watu wakaguna. Felisiani akamalizia na "lisemwalo lipo," na kwa kuwa ni msomi, ikaonekana mambo yamethibitika. Wazee wakaamua: Keraryo atengwe mpaka ng'ombe apatikane.

Kutengwa kule si mchezo. Hakuna wa kukusalimia. Hupewi moto, huombwi moto. Ng'ombe zako hazinywi maji na za wenzako. Na msiba ukikukuta, unakukuta peke yako. Mwezi wa kwanza tu wa kutengwa, mama yake Keraryo akafariki. Kwa kawaida kaburi huchimbwa na majirani, mfiwa hashiki jembe. Keraryo alilichimba yeye na mkewe, jua kali, majirani wanachungulia kwenye minyaa. Mugeta alimpigia simu kaka yake kumweleza. Felisiani wakati huo alikuwa anakula sato. "Sheria ni msumeno," alisema, akaendelea kutoa miba.

Sasa huyo ndiye aliyekwenda kuwatazama wanyama.

Aliondoka peke yake, akaanzia Bunda. Alilala Nyasura kwa rafiki yake, alfajiri akashuka ziwani na gari lake, kofia ya pama kichwani, stendi ya miguu mitatu begani. Alitaka mamba kwanza, wa kupashia mkono moto. Na kweli, ukungu ulipoanza kupungua akamwona, mkubwa, amejilaza kwenye matete kimya. Felisiani akalala chini kama wale wa kwenye televisheni. Akapiga picha za ubavu, za mgongo, akajipongeza kwa ujasiri. Alikuwa bado amelala pale akaja mama mmoja na masufuria yake, akamkalia yule mamba mgongoni, akaanza kusugua.

"Umedondoka, mzee?" mama akamwuliza. "Nikusaidie kuinuka?"

Felisiani akajibu kwamba anafanya utafiti. Zile picha akazifuta zote, akasema moyoni zilikuwa za majaribio. Mtu mwingine angekwenda kupimwa macho. Yeye aliwasha gari akashika njia ya Butiama.

Buswahili alipokelewa vizuri, ugali wa udaga, unga wa muhogo, na samaki kamongo wa kukaanga. Mugeta alikuwa na mtumbwi wake mdogo wa kuvulia. Ila njia ya kufikia maji inapita ubavuni mwa mji wa Keraryo, na Keraryo, tangu atengwe, hakuwa na pengine pa kushinda isipokuwa pale pale, anashona nyavu zake kivulini mwa ghala. Alipomwona Felisiani na vyuma vyake akainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Haya sasa. Shikamoo ileile aliyoililia Musoma nzima, imemfuata mpaka kwenye matope, tena kwa adabu, na mikono nyuma. Felisiani akatazama mafunjo.

"Mwalimu, najua hamnisemeshagi," Keraryo akaendelea. "Mimi sidai kitu. Ila nimeona umekuja na kamera. Mama yangu amekufa hatuna hata picha yake moja. Nipige na mimi, watoto wabaki nayo."

Felisiani hakumjibu yeye. Alimgeukia Mugeta, kama vile anayesema ni mbuzi na anahitaji mkalimani. "Mwambie mimi sipigi watu. Napiga wanyamapori."

Mugeta hakumwambia, maana Keraryo alikuwa amesikia. Keraryo akakaa, akaokota wavu wake. Felisiani akaharakisha miguu, akasema jua linawawahi.

Waliingia ndani ya kinamasi mpaka mahali ambapo watu hawafikagi kwa sababu ya viboko. Mugeta akaacha kupiga kasia.

"Kaka, mimi mwisho wangu hapa. Mbele ni kwao."

Mbele palikuwa na maji wazi, na ng'ambo yake kisiwa cha nyasi ndefu, ukungu umelala juu. Na ndani ya nyasi kitu kikatikisika. Felisiani akainua kamera. Mgongo mwekundu uliokolea matope. Sikio. Kisha pembe, tena imepinda! Alijua nzohe ana pembe zilizojipinda, alikuwa amesoma. Pembeni yake kadogo fulani kanaruka-ruka. Jike na mtoto! Kitabu chake kilieleza kwamba nzohe jike hana pembe, lakini ukurasa huo alikuwa hajaufikia.

"Ni nini, kaka?" Mugeta akauliza, akitaka kunyanyua shingo.

"Inama! Usitikise mtumbwi! Inama kabisa!"

Mugeta, mtu aliyezaliwa zizini, anayemjua kila ng'ombe wa kijiji kile kwa sura na kwa ukoo wake, akalala kifudifudi ndani ya mtumbwi, pua kwenye maji ya kuvuja, mpaka kaka yake alipomaliza. Alipoomba aonyeshwe, Felisiani akaificha kamera kifuani. "Utaona ukumbini na wenzako." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alikuwa na furaha ya kweli, tusimnyime hiyo. Alijiona tayari anashuka Mukendo na watu wanasimama.

Jenoveva naye alipomwomba kuona, alijibiwa hivyo hivyo. "Hata mimi?" "Hata wewe. Nataka uone pamoja na dunia."

Siku ya somo wa parokia ukumbi ulijaa pomoni. Wafanyabiashara wa Mwigobero, walimu, kwaya mbili, na safu nzima ya wazee kutoka Buswahili waliokuja na Mugeta, kofia mapajani. Felisiani alisimama mbele amevaa kizibao, fimbo ya kuonyeshea mkononi. Alianza na sikio la kiboko. Ikafuata picha ya mkia wa ndege ambaye alikuwa amekwisha kuondoka. Watu wakapiga makofi ya heshima. Kila picha ilikuwa na maandishi chini, jina la mnyama na mahali anapopatikana.

"Na sasa," akasema, akanyamaza kidogo, maana alikuwa amefanya mazoezi ya kunyamaza, "mnyama ambaye mababu zetu walimsikia tu. Nzohe jike na mtoto wake. Kinamasi cha Buswahili."

Picha ikatanda ukuta mzima. Makofi yakalipuka upande wa mjini. Padri akasimama. Mwanakwaya mmoja akapiga kigelegele. Ila safu ya Buswahili ilikaa kimya. Mzee mmoja akasogeza kichwa mbele, akavaa miwani. Mwingine akamwinamia mwenzake, mabega yakaanza kumtikisika.

Felisiani akaleta picha ya pili, yule nzohe amegeuza uso.

"Bibiharusi!" Jenoveva alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Jamani, si Bibiharusi yule!"

"Mama Prosper, kaa chini. Huyo ni nzohe."

"Nzohe! Nzohe gani mwenye kiwele hivyo? Mimi nimemkamua huyo, Baba Prosper. Shela yake hiyo hapo, imejaa matope tu. Na hiyo pembe aliipinda kwenye mlango wa zizi akiwa mtamba, na wewe ndiye uliyembamizia mlango!"

"Ni yeye, kaka," Mugeta akasema kwa masikitiko. "Na huyo ni ndama wake. Atakuwa alivuka kiangazi kufuata nyasi, masika ikamzibia njia."

Loo! Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Mtu wa Mara, kabila lolote unalolijua humu, anaweza kusahau jina la shemeji yake, lakini ng'ombe! Tena ng'ombe wake mwenyewe! Padri alijifanya anakohoa kwenye kitambaa. Felisiani alibaki na fimbo yake hewani, anajaribu kusema kwamba kwa mbali wanafanana sana, kwamba ukungu, kwamba hata wataalamu, na kila alichosema kiliongeza kicheko.

Halafu kicheko kikaanza kufa, na kilianzia kwenye safu ya Buswahili. Wazee waliacha kucheka mmoja baada ya mwingine. Hawakutazamana tena.

"Sasa Keraryo?" Jenoveva akauliza. Hakupaza sauti. "Mama yake alizikwa na watu wawili."

"Kwa kweli," Felisiani akaanza, "mimi hasa nilikwenda kule kufuatilia lile suala la ng'ombe, ili haki..."

"Usiongeze," mkewe akamwambia. "Ninakuomba, Baba Prosper. Usiongeze hata neno."

Projekta ikazimwa. Hakuna aliyemkaribia kumpa mkono.

Bibiharusi alitolewa kisiwani kwa mitumbwi na makelele, ndama kwenye mtumbwi, yeye akiogelea nyuma. Jenoveva alisimama ukingoni anamwita kwa jina lake, na akaja moja kwa moja mpaka mkononi. Mkutano ukakaa. Wazee wakasema ng'ombe amepatikana, kwa hiyo Keraryo ametolewa kwenye kutengwa, wakalisema haraka haraka na macho chini. Kisha wakakumbusha desturi: aliyemsingizia mwenzake anakwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwake, mchana, watu wote wakiona, anaomba radhi, na atakachotakiwa atatoa.

Kila mtu alijua atakachotakiwa. Felisiani alishaagana moyoni na Bibiharusi na ndama wake. Wakamfunga ng'ombe kamba, wakaandamana naye, kijiji kizima, mpaka kwa Keraryo. Jenoveva alikuja nyuma amebeba kamera, kwa kuwa Felisiani hakutaka tena kuigusa.

Keraryo alitoka na mkewe, amevaa koti. Felisiani akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule alimtazama mtu yule usoni, akaona jinsi alivyokonda. Hotuba yote aliyoiandaa njiani ikampotea.

"Marahaba, Keraryo," akasema.

"Ile shikamoo nilisharudi nayo ndani siku ileile," Keraryo akajibu. "Na huyo ng'ombe mrudishe kwenu. Nikimchukua mtasema, 'Si tulisema ni mwizi?'"

"Basi sema unachotaka. Chochote."

"Nataka picha."

Watu wakapumua. Mzee mmoja hata akatabasamu, akaona mambo yameisha kirahisi. Felisiani akanyoosha mkono kwa mkewe haraka haraka. "Hiyo tu? Nitakupiga sasa hivi, wewe na mama, na watoto waite. Nitakusafishia kubwa."

"Si mimi. Ya kwangu niliiomba, ukaninyima. Sasa siitaki."

Akawaongoza nyuma ya nyumba. Kaburi la mama yake lilikuwa pale, tuta la udongo lisilonyooka, kazi ya watu wawili waliochoka. Keraryo akawageukia majirani.

"Kila mtu aende kwake alete jembe lake."

Hakuna aliyebisha. Walikwenda, wakarudi na majembe, wazee kwa vijana. Akawapanga mmoja mmoja kuzunguka kaburi, wenyewe wakitii kama watoto wa shule. Mugeta alikuwa analia waziwazi. Ilipobaki nafasi moja, upande wa kichwani, Keraryo akaingia ghalani, akatoa jembe lililopasuka mpini, lililofungwa kwa mpira.

"Hili ndilo nililochimbia," akamwambia Felisiani. "Lishike. Na wewe ingia."

"Mimi? Nani atapiga sasa?"

"Mama Prosper atapiga."

"Ulisemaga wewe lenzi inaona," Jenoveva akasema. "Mimi nitabonyeza."

Felisiani akaingia, na kizibao chake, akasimama penye nafasi ile akiwa ameshika mpini uliolegea. Jenoveva aliweka jicho kwenye kamera. Keraryo na mkewe hawakuingia kwenye picha. Walikuja wakasimama upande wa Jenoveva, wanawatazama wote waliopangwa, na kule mbele alisikika Bibiharusi anang'oa majani.

"Tulieni," Jenoveva akasema. Akabonyeza.

"Itundikwe kule ukumbini Musoma," Keraryo akasema. "Ukuta uleule."

"Itatundikwa," Felisiani akajibu. Sauti haikuwa ile ya ukaguzi. "Na chini yake niandike nini?"

"Mimi sijasoma, Mwalimu. Nasikia wale wengine wa ukumbini uliwaandikia, andika hivyo hivyo. Mnyama gani, na anapatikana wapi."